Neno Lililomeza Majani



Katika ukumbi huu tumezoea kujadili vina na mizani, urari wa mishororo na asili ya maneno. Leo ninaomba ruhusa nilete neno ambalo kila mmoja wetu amelitamka juma hili, na ambalo hakuna aliyeona haja ya kulifungulia kamusi. Neno lenyewe ni mboga. Lina silabi mbili tu, lakini limefanya safari ndefu ya kimaana, na mwisho wa safari hiyo unaonekana kwenye sahani zetu na, baada ya sahani, kwenye mishipa ya damu ya watu wa rika langu.

Nilifundisha Kiswahili na Sayansikimu katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, baada ya kuhitimu stashahada katika chuo cha ualimu. Wenzangu walipenda kunitania kwamba masomo hayo mawili hayana undugu, kwa kuwa moja ni la ubaoni na jingine ni la jikoni. Mimi sikuwahi kuuona utengano huo. Mwanafunzi anayejifunza kupika hujifunza kwanza kutaja, na asiyejua jina la kitu hawezi kukiagiza sokoni, wala kukidai mezani, wala kumrithisha mwanawe. Sasa nimestaafu, muda wa kufikiri umeongezeka, na ninazidi kuamini kwamba somo la jikoni na somo la lugha ni somo moja.

Tuanze na neno. Mwenyeji wa Kenya akisema amekula ugali na mboga, msikilizaji wake ataona akilini majani ya kijani: sukuma wiki, kunde, mnavu au mchicha. Nchini Rwanda na Burundi, imboga ni majani na jamii zake. Lakini ukija kwetu Tanzania Bara ukauliza, "Leo mboga nini?", jibu la kawaida ni nyama, au dagaa, au maharage, au samaki. Hakuna atakayekushangaa, wala hakuna atakayedhani umekosea ngeli. Mboga kwetu ni chochote kinachosaidia ugali au wali kushuka kooni. Ndiyo maana mitaani tajiri huitwa mtu wa mboga saba, na hakuna anayedhani kwamba tajiri huyo anakula aina saba za majani.

Maana hiyo pana haikuzuka kwa bahati mbaya. Jamii nyingi za Kibantu hugawa mlo katika sehemu mbili: kile kinachoshibisha na kile kinachokisindikiza. Wamalawi wana neno ndiwo kwa hicho kinachosindikiza, na Waganda wana enva. Waswahili wa pwani walikuwa nalo neno lao zuri sana, kitoweo, linalotokana na kitenzi kutowea, yaani kula chakula kikavu kwa kukisaidia na kitu chenye ladha. Kitoweo kilikuwa samaki au nyama, na mboga ilibaki kuwa mboga. Maneno mawili, vitu viwili, na nafasi mbili kwenye sinia. Tulipoliacha kitoweo likazeeka vitabuni, mboga ikabeba mizigo yote miwili. Na kama ilivyo kawaida ya mbeba mizigo miwili, ule mwepesi ukaanguka njiani. Mzigo mwepesi ulikuwa majani.

Ushahidi wa anguko hilo umo katika lugha yenyewe. Leo tukitaka kutaja majani hatuna budi kuongeza maneno: tunasema "mboga za majani", kama vile majani ni namna mojawapo ya mboga na tena si ile ya kawaida. Waganda nao, baada ya enva kuwa kila kitoweo, wamelazimika kusema enva endiirwa wanapokusudia majani. Wataalamu wetu wa kilimo wameona ugumu huo wakatafuta njia ya kutokea kwa kurudufu, wakasema mbogamboga. Neno linapohitaji kivumishi au rudufu ili lirejee kwenye maana yake ya zamani, mwenye sikio la lugha anajua kwamba kuna kilichopotea.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wanaisimu, wala hayamdhuru mtu. Hapo ndipo ninapotaka kusimulia habari ya kaka yangu mkubwa.

Kaka yangu alikuwa dereva wa malori, naye anaishi Tanga mjini. Miaka kadhaa iliyopita alikwenda kupima afya akakutwa na shinikizo la juu la damu. Mhudumu aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa dawa, kisha akamwambia kwa upole, "Baba, zidisha mboga, punguza ugali." Kaka alirudi nyumbani ameridhika. Kwa maisha yake yote hakuwahi kupewa agizo la hospitali lililompendeza kiasi kile. Alimweleza wifi yangu, na wifi akalitekeleza kwa uaminifu wa mke mwema: tonge likapunguzwa, na bakuli la mchuzi likaongezwa. Asubuhi ng'onda, mchana samaki wa kukaanga, jioni papa mkavu wa nazi. Wanaokula vitoweo vya pwani wanajua chumvi inayokaa ndani ya ng'onda na papa mkavu.

Nilipomtembelea baada ya miezi mitatu, nilimwamkia kaka shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka. Shinikizo lilikuwa limepanda, na mguu mmoja ulikuwa umevimba. Nikamuuliza kuhusu chakula. Akajibu, "Mwalimu, mimi ninatii amri. Humu ndani mboga haikosi, muulize wifi yako." Nikamuuliza ni mboga gani. Akanitajia moja baada ya nyingine, na katika orodha ile yote hapakuwa na jani hata moja.

Mhudumu alisema Kiswahili sahihi. Kaka alisikia Kiswahili sahihi. Wifi alitenda sawasawa na alivyosikia. Hakuna kati yao aliyekosa, na bado mgonjwa aliumia, kwa sababu neno moja lilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango tofauti wa kutokea. Tangu siku ile sijaweza kulitazama neno mboga kama jambo la kamusi tu.

Basi tuitazame hali ilivyo kwa watu wazima kwa jumla. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mbogamboga kila siku. Viazi, mihogo na mizizi mingine ya wanga haihesabiwi humo. Kiasi hicho hugawanywa katika mafungu matano ya gramu 80. Tanzania Bara ilipofanya uchunguzi wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza mwaka 2012, na Kenya ilipofanya wake mwaka 2015, katika nchi zote mbili zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi walikuwa hawafikii mafungu hayo matano. Nchi moja inalitumia neno mboga kwa upana na nyingine kwa ufinyu, na bado zote mbili zimepungukiwa. Hilo ninalitaja mapema ili nisije nikaonekana nailaumu lugha kwa kila kitu. Nitalirudia.

Lakini hata namna tunavyolitangaza pendekezo lenyewe inastahili kuhojiwa na wapenda lugha. Gramu 80 ni nini kwa mtu asiye na mizani jikoni? Kiswahili kina vipimo vyake vya mkono. Kuna konzi, yaani kile kinachokamatwa na vidole vilivyokunjwa. Kuna ukufi, yaani kiasi kinachokaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa. Wataalamu wa lishe wenyewe hueleza kwamba fungu moja la mtu mzima ni takriban kile kinachoenea kiganjani mwake. Basi huo ni ukufi. Tungeweza kusema kwamba mtu mzima anahitaji kufi tano kwa siku, majani na matunda pamoja, na bibi yeyote wa kijijini angeelewa bila kuonyeshwa mchoro. Angeelewa pia jambo ambalo gramu hazisemi waziwazi, kwamba ukufi huo hupimwa mchicha ukishaiva. Mchicha hunywea. Fungu lililojaza ungo hubaki bakuli dogo, na bakuli hilo likigawiwa watu sita, kila mmoja hupata kijiko kimoja cha kupamba ugali.

Sasa tugeukie vile vilivyomo ndani ya majani. Wataalamu wetu huviita virutubishi, na neno hilo ni miongoni mwa maneno ninayoyaonea fahari. Linatokana na rutuba, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu unyevunyevu. Mkulima husema shamba lina rutuba. Mtaalamu wa lishe naye akaona mwili ni shamba. Ni sitiari ambayo mshairi yeyote angeitamani, nayo imekaa kimya ndani ya istilahi ya kisayansi bila kujisifu.

Kwa upande mwingine, kuna istilahi ambayo sikuipenda tangu siku ya kwanza nilipoiandika ubaoni. Ile sehemu ya mmea isiyosagika tumboni, inayosaidia choo kupita na kuzuia sukari isipande kwa kasi katika damu, vitabu vingi viliiita makapimlo. Wapenzi, makapi ni kile tunachokipepeta tukakitupa. Ukimwambia mtu mzima ale makapi, atakutazama kama umemtukana. Neno nyuzilishe ni bora mara nyingi zaidi: lina picha ya uzi, na hata nguo njema hufumwa kwa uzi. Wanaotunga istilahi wakumbuke kwamba wanampikia msomaji, na mpishi hakaribishi wageni kwa kukitukana chakula.

Majani ya kijani kibichi yana madini ya chuma, yana folati inayosaidia kutengeneza damu, yana vitamini C, na yana chembechembe za rangi ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Yana pia potasiamu, ambayo huusaidia mwili kuhimili chumvi na hivyo kutuliza shinikizo la damu, ingawa mwenye maradhi ya figo hana budi kumsikiliza daktari wake kwanza. Wanawake wa kwetu husema matembele yanaongeza damu. Usemi huo una ukweli, na una sharti lake. Chuma kinachotoka kwenye mimea huingia mwilini kwa shida kuliko kile cha nyama. Kinahitaji msaidizi, na msaidizi wake mkuu ni vitamini C. Kwa hiyo yule mama wa pwani anayekamulia ndimu juu ya mboga yake, au anayeweka kachumbari kando ya wali, anafanya kazi ya maabara bila koti jeupe. Na yule anayeshushia mlo kwa kikombe cha chai ya rangi anaufunga mlango alioufungua mwenziwe, maana vilivyomo ndani ya majani ya chai hukizuia chuma kisipite. Chai isubiri saa moja au mbili. Mvumilivu hula mbivu, na huongeza damu pia.

Lugha yetu inacheza hapa mchezo ambao sijui kama kuna lugha nyingine inayouweza. Tunachuma majani ili tupate chuma. Kitenzi na nomino hizo mbili hazina nasaba, zimekutana tu katika sauti. Tena kuchuma ni kupata mali kwa jasho, ndiyo maana mchumia juani hulia kivulini. Mwalimu wa lishe mwenye sikio la ushairi angeweza kujenga somo zima juu ya neno hilo moja, na wanafunzi wasingelisahau.

Vitenzi vya jikoni navyo ni hazina ya elimu. Kuchambua mboga ni kuondoa kikonyo kigumu na jani lililooza, nacho ndicho kitenzi kilekile tunachokitumia kwa shairi. Kisamvu hutwangwa, hakikatwi tu, kwa sababu jani la muhogo lina sumu ya jamii ya sianidi. Kutwanga huanza kuivunja sumu hiyo, na kuchemsha kwa muda mrefu huifukuza. Hekima hiyo imo ndani ya kitenzi: anayejua kwamba kisamvu kinatwangwa amekwisha kulindwa kabla ya kuambiwa sababu. Kuunga kwa nazi au karanga nako kuna maana yake, kwa kuwa zile rangi zinazogeuka vitamini A huhitaji mafuta kidogo ili zifyonzwe. Bibi aliyeunga mboga kwa tui hakufuata ladha peke yake.

Si kila desturi ni ya kusifiwa. Kumwaga maji ya kuchemshia ni kumwaga vitamini C, maana huyeyuka majini na huharibiwa na moto mrefu. Kutia magadi ili jani lilainike upesi na libaki na rangi ya kijani huzidisha uharibifu huo. Kuanika majani juani kikavukikavu hupunguza zile rangi zenye faida. Kivuli chenye upepo huzitunza zaidi. Ninayasema haya bila kuwadharau wanaotia magadi katika mlenda. Ninataka tu tujue kinachopungua, ili tukiongezee mahali pengine.

Nije sasa kwenye jambo linaloniumiza zaidi kama mpenzi wa lugha. Majani yetu yanapoteza majina. Nikienda sokoni Muheza, mama muuzaji wa rika langu hunitajia bila kufikiri: mchicha, msusa, kisamvu, matembele, majani ya kunde, mnavu, mgagani, mlenda, mchunga, mlonge. Mnunuzi wa miaka thelathini anayesimama kando yangu husema, "Nipe majani ya mia tano." Majani gani? "Hayo hayo." Kwake yote yamekuwa kitu kimoja. Anayetofautisha mno husema mchicha, chainizi na kabichi. Chainizi na kabichi ni vyakula vizuri, sina ugomvi navyo, lakini mnavu na mgagani vina uchungu wake, ladha yake na utajiri wake, na havihitaji dawa nyingi za wadudu ili viote. Jina likiondoka mdomoni, mnunuzi haliombi. Lisipoombwa, mama haleti. Asipoleta, mwaka unaofuata hapandi. Hivi ndivyo mmea unavyotoweka kwenye mlo: huanza kutoweka kwenye mazungumzo.

Majina hayo yana jamaa zake kote tunakozungumza Kiswahili. Mchicha wetu ni lengalenga kwa ndugu zetu wa mashariki ya Kongo na Burundi. Kisamvu chetu ni sombe kwao, na isombe kwa Wanyarwanda. Mnavu huitwa managu katika masoko ya Nairobi, na mgagani huitwa saga. Matembele yanajulikana kwa jina hilohilo hadi Kinshasa, upande wa pili wa bara. Ni jambo la ajabu kwamba jani la kiazi limetuunganisha kuliko mikutano mingi ya wakuu. Anayekusanya methali na nahau, na akusanye pia majina haya kabla wenye kuyajua hawajaondoka.

Kuna majina mengine yanayotuonyesha jinsi tunavyoyadharau majani. Sukuma wiki ni jina lenye ucheshi, lakini kiini chake ni dhiki: ni chakula cha kuisukuma wiki hadi mshahara utoke. Kwetu nako utamsikia mwanamume mzima akisukuma bakuli la mchicha huku akisema, "Mimi si mbuzi." Maneno kama hayo hufundisha watoto kwamba jani ni adhabu ya umaskini, na kwamba siku utakayopata fedha utaachana nalo. Ndiyo maana sherehe zetu za harusi hujaa pilau na nyama, na jani likialikwa hukaa pembeni kama pambo la sinia.

Matunda nayo yana kisa chake. Waswahili wa zamani walikuwa na kitenzi kutunda, yaani kuchuma tunda mtini. Nomino imebaki, kitenzi kimesahaulika. Vivyo hivyo kuvumbika, yaani kulifunika tunda mpaka liive, na kupopoa, yaani kuliangusha kwa kulitupia kitu, ni vitenzi ambavyo watoto wa mjini hawavijui, maana tunda kwao hutoka mezani kwa muuzaji likiwa limekwisha kukatwa. Watu wazima tumejenga mazoea kwamba matunda ni ya watoto na wagonjwa. Mtu mzima asiyenunua chungwa mwaka mzima atabeba machungwa kumi na mawili akienda kumwona mgonjwa hospitali, kana kwamba chungwa ni dawa ya kuingilia wodini. Huko Muheza, katika miezi ya baridi, machungwa huondoka kwa malori kwenda Dar es Salaam na Kenya, na nyumba nyingi zinazoyapakia hazina desturi ya kuweka chungwa mezani. Mpera umesimama uani, mapera yanaoza chini, na mwenye mpera ananunua juisi ya chupa yenye sukari tele. Hali ni kwamba pera, kwa uzito uleule, lina vitamini C takribani mara nne ya chungwa. Ubuyu nao una sifa hiyohiyo, lakini tumeuachia wanafunzi wa shule ya msingi, tena ukiwa umepakwa sukari na rangi.

Washairi wenzangu, sisi nasi tumechangia. Katika tungo zetu tunda ni mpenzi, ni shavu, ni tamu la sirini. Tumeimba tufaha na komamanga kwa karne nyingi, ilhali wengi wetu hatujawahi kuupanda mkomamanga. Zambarau linaloacha rangi ulimini, fenesi linalong'ang'ania vidole, bilimbi linalokunja uso, haya yamebaki nje ya baraza la ushairi. Hatuna deni la kuwa maofisa lishe. Lakini tukiyataja, tunayatunza.

Nilisema nitarudi kwenye hoja ya Kenya, nami ninarudi. Mkosoaji atauliza: kama wao wanalitumia neno mboga kwa maana ya majani na bado hawatoshelezi mafungu matano, lugha ina kosa gani? Hoja ni nzito. Tunda lina bei, na bei hupanda msimu ukipita. Bustani inahitaji maji, na maji ni kilio cha vijiji vingi kiangazi kikianza. Anayefanya kibarua kutwa hana saa ya kuchambua na kutwanga. Sitaki kumwambia mama mwenye shida kwamba tatizo lake ni msamiati. Lugha haileti maji kisimani. Hata hivyo, kwa yule ambaye jani limeota nyuma ya nyumba yake na tunda linaoza chini ya mti wake, umaskini haujibu swali lote. Hapo kuna pengo ambalo neno linaweza kulizibia, na neno ndiyo zana pekee ambayo sisi wa ukumbi huu tunayo bila kuinunua.

Kwa kaka yangu tuliitumia zana hiyo. Nilikaa na wifi jikoni tukakubaliana jambo moja dogo: katika nyumba ile neno mboga litatumika kwa majani tu. Samaki ataitwa samaki, au kitoweo kama mtu anataka kuzungumza kikubwa. Jioni ya kwanza kaka aliuliza, "Mboga nini?" Wifi akamjibu, "Mboga mchicha, kitoweo dagaa." Kaka akacheka, akasema nyumba yake imegeuzwa darasa. Lakini kuanzia siku hiyo, wakila bila jani, jibu la swali lake linakuwa "mboga hakuna", na mwanamume wa Kitanga hapendi kusikia kwamba nyumbani kwake hakuna mboga. Papa mkavu sasa ni wa nadra. Dawa anaendelea kunywa kama alivyoagizwa, kliniki anahudhuria, na shinikizo limetulia. Siwezi kusema ni jani peke yake lililomtuliza. Ninachojua ni kwamba jani sasa limo sahanini, na kilichoanza kuliingiza ni jina lake.

Basi ninalo ombi kwa wasomaji. Kila mmoja aandike majina ya majani na matunda yanayoliwa kwao, pamoja na kitenzi kinachotumika kuyatayarisha, ayatume hapa tuyakusanye pamoja. Wahudumu wa afya waliomo miongoni mwetu wamtajie mgonjwa jani kwa jina lake, mchicha, kisamvu, matembele, wala wasimwambie "mboga" wakaishia hapo. Na watunzi waanze na ubeti huu nilioutunga, wauendeleze kwa vina vilevile:

Jirani njoo sokoni, majani tuyape jina,
Mnavu na mgagani, matembele yamefana,
Yakaingie chunguni, usiku hata mchana,
Lisilotajwa kinywani, kwenye sahani hakuna.

Ninasubiri beti zenu, na ninasubiri zaidi majina yenu. Nitakayekuwa wa kwanza kumshukuru ni yule atakayenitajia jani ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya ubaoni na jikoni, sijapata kulisikia.